Mkoromo wa Mlango wa Kushoto

Bi harusi wa mtaa wa Shela, Malindi, alilia ndani ya gari la Kaltuma, na hakulia kile kilio cha kuaga kwao ambacho kila mtu hukitazamia. Alilia kwa hasira. Mashangazi zake walikuwa wamemwimbia kaseti nzima, wakatia jina lake na la mamake katikati ya wimbo, na shabaha yote ilikuwa wimbo huo usikike gari likipita mtaa wa wale waliosema msichana huyo ataozea kwao. Sauti ilifunguliwa mpaka mwisho ili ipenye vioo. Gari likaingia mtaani, wimbo ukafika penye jina, na papo hapo spika ya mlango wa kushoto ikaanza kukoroma, zzrrr, zzrrr, jina la msichana na la mamake yakamezwa yote mawili. Kibarazani mwanamke mmoja aliyekuwa akichambua mchicha akapaza sauti: "Sikilizeni jamani! Gari la Kaltuma lina mume, amelala mlangoni anakoroma!" Mtaa mzima ukaangua kicheko.

Kumwambia mjane neno kama hilo ni kumtia chumvi kwenye kidonda na kisha kumwuliza kama imekolea. Kaltuma aliuma meno, akabadilisha gia, akamfikisha bi harusi wake alikokuwa akipelekwa. Lakini masikio yalimwaka moto siku nzima.

Gari lenyewe lilikuwa Corolla nyeupe ya marehemu mumewe Zubeir, aliyeugua homa akafariki mwaka mmoja kabla ya ule mwaka wa njaa, wa unga wa manjano wa msaada. Zubeir ndiye aliyemfundisha kuendesha, kwenye barabara ya Mambrui alikozaliwa Kaltuma, huku mbuzi wakikimbilia vichakani kuokoa roho zao. Alipotoka eda alilikuta gari limelala ubavuni mwa nyumba ya wakwe zake, Malindi mjini, kuku wametaga chini yake. Akalifuta vumbi, akaliwasha. Watu wakasema. Mwanamke na buibui lake nyuma ya usukani! Wakasema mpaka wakachoka, na waliosema sana ndio waliokuwa wa kwanza kuja kulikodi, maana Kaltuma alikuwa ameona jambo ambalo madereva wote wa mji hawakuliona. Bi harusi akichukuliwa na dereva mwanamume hukaa amejifunika gubigubi, na somo wake, yule mama anayemfunda mambo ya ndoa, hawezi kumpa wasia wa mwisho kwa haya. Akichukuliwa na Kaltuma hufunua uso akavuta pumzi, na somo humwaga yote aliyonayo bila kuuma ulimi.

Kwa hiyo Kaltuma alikula jasho lake. Mchele alinunua mwenyewe, dawa za miguu za mama mkwe wake, Bi Mahfudha, alinunua mwenyewe, na hakuwa na mtu wa kumpigia magoti.

Aliyekuwa halipendi gari hilo ni Amin, mdogo wa marehemu. Habari za mkoromo zilimfikia kabla Kaltuma hajafika nyumbani, na jioni ile alimkuta shemeji yake huyo ameketi ukumbini na mamake.

"Gari limechoka, shemeji," Amin akasema. "Leo spika, kesho injini. Kuna bwana mmoja wa Kaloleni, Mwambire, atakuja Alhamisi alasiri kulitazama. Tuliuze lingali na sura."

"Spika haizungushi magurudumu, Amin."

"Lakini wateja wako ni wateja wa spika."

Hapo alimpata. Bi Shekha, somo mwenye jina kuliko wote Malindi, alikuwa amekwisha kumpasha Kaltuma uso kwa uso: "Alhamisi asubuhi nina bi harusi wangu. Nitalichukua gari lako kwa sababu ya heshima yako. Lakini ule mkoromo ukirudi, usinijie tena, wala usiwajie wenzangu." Na Bi Shekha akimkataa mtu, mji mzima humkataa.

Kaltuma akamtazama Bi Mahfudha. Gari lilikuwa la urithi; pasipo neno la mama yule halikuweza kuuzwa, na pasipo neno lake halikuweza kubaki. Bi kizee alikuwa akisuka ukili wa mkeka, na hakuinua macho.

"Gari ni mzigo, mwanangu," akasema. "Mwachie Amin."

Kaltuma alihisi amepigwa kofi na mkono aliozoea kuubusu. Hata hivyo akasema.

"Basi nipeni mpaka hiyo Alhamisi. Wateja wakinikimbia, uzeni, sitafungua kinywa. Wasiponikimbia, tuzungumze upya."

Amin akakubali huku akitabasamu, maana hakuna ahadi nyepesi kama ya jambo unaloamini halitatokea.

Kesho yake Kaltuma alianza kuuwinda mkoromo. Alitia kaseti ile ile, iliyosahauliwa garini, kwa sauti ile ile, akaendesha mpaka Ganda na kurudi, upepo wa kusi ukimpiga usoni. Wimbo ukafika penye jina. Jina likatoka safi. Akarudisha kanda nyuma, akasikiliza tena, safi. Akapita makusudi kwenye mtaa uliomcheka, kana kwamba spika ina kumbukumbu ya mahali ilipofanya ukorofi. Ikamwimbia bila dosari yoyote, na yule mwanamke wa mchicha siku hiyo hakuwepo. Kaltuma alitamani kulipiga gari teke.

Akaenda kwa Gerishom, fundi redio mwenye kibanda karibu na soko. Gerishom alikuwa mtu wa bara aliyefika pwani na mkewe Idah na sanduku moja la vyuma, akakataa kurudi kwao. Alikuwa mtu wa kanisa tena mwenye hadhari. Aliacha milango wazi, akashusha vioo vyote, mtu asije akasema fundi amejifungia garini na mjane wa watu. Ndipo akafungua skrubu za spika ya kushoto.

"Hii ilikuja na gari kutoka kiwandani, mama," akasema, akiigeuza mkononi. "Ni nzuri kuliko hizi watu wananunua saa hii."

Akaibonyeza ile karatasi yake nyeusi kwa vidole vyote, taratibu, akisikiliza kama inakwaruza. Haikukwaruza. Akakung'uta mchanga. Akagusisha waya zake kwenye betri ya tochi, spika ikasema tok. Akahamisha ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Zote mbili zikaimba. Akafungulia redio, msomaji wa habari mwenye sauti nzito akasoma habari za ukame mpaka mwisho bila kukoroma hata mara moja.

"Spika iko sawa. Waya iko sawa," Gerishom akasema akizirudisha mahali pake. "Sasa nitibu nini? Mgonjwa amefika hospitali, amepona kwa mlango."

"Hajapona. Amejificha."

"Basi agiza mpya Mombasa, roho yako itulie."

"Nikitia mpya na mkoromo ukarudi, niagize na mlango?"

Gerishom akacheka. Kaltuma hakucheka. Alimwomba bisibisi ya kuazima, na fundi akampa pamoja na onyo: kifuniko cha ndani cha mlango kimeshikwa na vibanio vya plastiki, avute polepole, asije akavivunja vyote.

Kisha ikawa Jumatano. Kaltuma alikuwa akikuna nazi huku akili imo ndani ya gari. Siku ya harusi lilikoroma, siku nyingine zote halikoromi. Basi siku ya harusi kulikuwa na nini humo ambacho siku nyingine hakimo? Mashangazi. Mapazia. Udi. Bi harusi mwenyewe. Akakiacha kifuu kwenye mbuzi ya kukunia, akainuka. Ikiwa gari hili linataka harusi, atalipa harusi.

Akatandika vitambaa vya viti, akafunga mapazia, akatia chetezo cha udi kilichokwisha kuzimika, akaburura gunia la nazi na kuliketisha kiti cha nyuma mahali pa bi harusi. Akavaa buibui lake. Akaingia, akafunga milango, akapandisha vioo vyote vinne kama afanyavyo bi harusi akiwamo, asionekane na wapita njia. Joto likamvaa. Jirani aliyepita alimwona amejifungia ndani ya gari lililosimama, pamoja na gunia la nazi lililopambwa, akaenda zake midomo ikimtembea kwa dua.

Wimbo ukafika penye jina. Zzrrr.

Kaltuma akapiga kigelegele peke yake. Sidhani kama yuko mtu mwingine aliyewahi kuufurahia ugonjwa wa gari namna ile.

Baada ya hapo hakuwa na haraka. Injini ilikuwa imezimwa; akaiwasha, mkoromo haukuongezeka wala kupungua, basi injini haimo. Akatoa kaseti, akafungulia redio. Sauti nzito ikakoroma, nyembamba ikapita, basi kaseti haina kosa. Akazungusha kitufe cha kupeleka sauti kulia, mkoromo ukanyamaza. Akairudisha kushoto, zzrrr. Jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni. Akashusha vioo vya nyuma, mkoromo upo. Akashusha cha kwake, upo. Akanyoosha mkono akashusha kioo cha mbele kushoto, na mkoromo ukakatika. Akakipandisha, ukarudi. Akakishusha, ukakatika.

Ndipo alipoelewa, na akajiona mjinga. Akiwa peke yake hushusha vioo kwa sababu ya joto. Gerishom naye alivishusha kwa sababu ya stara. Ni bi harusi pekee anayepandishiwa vioo, na ni bi harusi pekee anayekoromewa. Kilichomo mlangoni kilikuwa kikibanwa na kioo kikishuka, na kioo kikipanda kinaachiwa huru kucheza.

Mtaka cha mvunguni huinama. Kaltuma akapiga magoti kwenye mchanga, akafungua mkono wa kuzungushia kioo, akafungua skrubu za kishikio, akavuta kifuniko polepole. Kibanio kimoja kikavunjika hata hivyo. Akaibandua karatasi ya nailoni iliyo nyuma yake, akaingiza mkono ndani ya mlango mpaka kwenye kiwiko, akipapasa vyuma na waya. Vidole vikagusa uzi. Uzi ulikuwa umenasa kwenye ufito wa kufuli, na mwisho wake palikuwa na kitu kidogo, kigumu, kikining'inia sentimita chache tu kutoka mgongo wa spika. Akakivuta nje.

Kilikuwa kibati kilichokunjwa mfano wa kidole gumba, kimezungushwa uzi mweusi. Ndani ya kibati, hata bila kukifungua alijua, kuna karatasi iliyoandikwa. Hirizi.

Furaha yote ikamwishia. Alikaa pale mchangani, hirizi kiganjani. Mtu alikuwa amemfanyia kitu, mtu anayeweza kulikaribia gari bila kubwekewa wala kuulizwa, na Kaltuma hakuhitaji kufikiri sana. Nani alitaka gari liuzwe? Nani alikuwa akitabasamu? Alitaka kuingia ndani wakati ule ule amkamate Amin ukosi wa kanzu. Lakini kesho ilikuwa ya Bi Shekha. Kaltuma akasoma alichokijua cha kujikinga, akaifunga hirizi katika kitambaa, akaitia mkobani. Harusi kwanza. Akakirudisha kifuniko cha mlango, akapandisha vioo, akafungulia kaseti kwa sauti ya mwisho. Jina likatoka safi, na gunia la nazi likasikiliza wimbo mzima.

Alhamisi Bi Shekha aliketi mbele, ubavu wake umeegemea mlango wa kushoto, na kwa njia nzima hakutoa wasia hata mmoja. Alikuwa amelitega sikio. Walipita mitaa yote iliyostahili kupitwa. Wimbo ulitoka garini ukapanda vibarazani, jina la bi harusi, la mamake, la bibi yake, na wanawake walioinuka kucheka walijikuta wakijibu kwa vigelegele. Walipofika, Bi Shekha alishuka, akatengeneza buibui lake, akainamia dirishani.

"Mpaka Ramadhani iingie," akasema, "kila bi harusi wangu atapanda humu. Usinipangie mtu mwingine."

Kaltuma alirudi nyumbani akiwa ameshinda, na hirizi mkobani ikimkumbusha kwamba hajamaliza. Kibarazani aliwakuta Amin na mgeni wake, mtu mzima mchangamfu aliyekuwa akinywa kahawa kwa kishindo.

"Shikamoo," Kaltuma akamwamkia.

"Marahaba, mama. Mimi ndimi Mwambire. Naweza kuliwasha nilisikilize?"

Akampa funguo. Si aibu ya mgeni kusikia yatakayosemwa, akawaza. Ni aibu yetu. Alipomwona ameingia garini, akamwita Amin ndani.

Bi Mahfudha alikuwa kwenye mkeka wake. Kaltuma akafungua kitambaa, akaitua hirizi mbele yao wote wawili.

"Amin, hii umeitia wewe?"

Amin akaruka nyuma kama aliyeona nge. "Nini hii?"

"Nimeitoa ndani ya mlango wa gari. Ndiyo iliyokuwa ikikoroma. Ulitaka gari liuzwe, ukanifungia riziki yangu."

"Wallahi!" Amin akawa mweupe. "Wallahi, Kaltuma, sikuigusa! Mimi nikitaka jambo nalisema, tena nalisema mpaka nawachosha. Uliniona lini nikinyamaza?"

Hilo lilikuwa kweli, na Kaltuma alilijua ni kweli wakati ule ule alipolisikia. Huko nje Mwambire akapata kitufe cha kaseti, na wimbo wa harusi ya asubuhi ukaanza, safi, ukaingia mpaka ukumbini.

"Mwache mwenzio," akasema Bi Mahfudha. "Ni yangu."

Wote wawili wakamgeukia.

"Mwalimu aliyenipa aliniambia niitie mahali unapokaa sana. Nikataka kuitia godoroni mwako. Nikaona wewe hukai kitandani, unakaa garini. Nikaitumbukiza pale kioo kinapoingilia." Alikuwa akisema na ule ukili, si na wao. "Sikujua kama italia."

"Ya nini, mama?"

"Ya kukuweka. Zubeir amekwenda. Eda yako imekwisha, wewe ungali mbichi, huna hata mtoto wa kukushika hapa. Kila ukiwasha gari asubuhi mimi nasema, leo anakwenda zake kwao Mambrui, leo harudi."

"Na kumwambia Amin auze?"

"Niliona hirizi peke yake haitoshi."

Kaltuma hakujua acheke au alie, na machozi yakamwamulia. Alikuwa na hasira, tena nyingi. Alikuwa amechekwa mtaani kwa ajili ya kibati hiki. Akaketi mkekani mbele ya bi kizee, magoti kwa magoti.

"Mama, gari ninalo. Petroli natia mwenyewe. Njia ya Mambrui naijua hata nikifumba macho. Ningetaka kwenda, ningekwenda zamani, na hirizi yako ningekwenda nayo mlangoni. Kila siku nikimaliza kazi nageuza usukani naja hapa. Hakuna aliyenifunga. Naja kwa sababu wewe uko hapa." Akajifuta uso kwa pembe ya mtandio. "Liuzeni, hapo ndipo mtakuwa mmenifunga. Na aliyefungwa, mama, siku akifunguka harudi."

Bi Mahfudha aliinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya neno la mzigo.

"Bwana Amin!" Mwambire akaita kutoka nje, amejawa na furaha. "Nalichukua! Spika utadhani zimetoka dukani leo!"

Amin akamtazama mamake, akimngojea atoe neno. Bi kizee akaweka mkono begani kwa Kaltuma, akajiinua kwa shida, akaenda kwa miguu yake mibovu mpaka mlangoni, Kaltuma akimshika kiuno.

"Baba, utatuwia radhi kwa safari yako," akamwambia mgeni. "Gari haliuzwi."

Mwambire akazima kaseti. Amin akasogea karibu na sikio la mamake, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, fikiri. Gari ni la Zubeir, na Zubeir hayupo."

"Najua hayupo. Mimi ndiye niliyemzaa." Sauti ya Bi Mahfudha haikutetemeka. "Aliyepo ndiye mwenye gari. Mpe funguo zake."

Amin akashuka kibarazani, akazichukua funguo kwa Mwambire, akarudi nazo, akaziweka kiganjani mwa shemeji yake. Kaltuma alizifumbata kwa nguvu mpaka zikamwuma, na hakufumbua mkono.